Mwili wa Mwenzio ni Amana: Bi Kidude na Swali la Msanii wa Fani Nyingi

Mtaa wa Al Garhoud, mjini Dubai, umekaa baina ya uwanja wa ndege na Hori ya Dubai. Bibi harusi wa Kiswahili anayeishi huko, au aliyeshuka ndegeni kwa ajili ya manunuzi, anaweza kuikamilisha harusi yake kwa vipande: hina kwa mchoraji wa saluni, anayelipwa kwa mkono na kwa mguu, nguo kwa duka la kukodisha, ngoma kwa kikundi cha kukodi au kwa simu iliyounganishwa na spika, na nasaha za ndoa, mama mtu akisisitiza, kwa kungwi aliyeko Unguja au Mombasa, ambaye huonana naye kwenye kioo cha simu. Kila kipande kinaweza kuwa kizuri, na kila mhusika anaweza kuwa bingwa wa kazi yake. Hata hivyo, wapo mabibi wengi ambao wakihudhuria harusi ya namna hiyo watakula, watapiga vigelegele, kisha watarudi nyumbani wakisema kwamba mtoto ameolewa lakini hakufanyiwa harusi. Wana maana gani?

Sikusudii kuulaumu mji wa Dubai, wala kuomboleza mambo ya kale. Ninachokitafuta ni jibu la swali la kimaadili: mtu anayeshika kazi ya kupamba, kazi ya kuchezesha ngoma na kazi ya kulea jamii, ana kazi tatu au ana kazi moja? Na ikiwa ni moja, tunamtendea nini yeye, na wale anaowahudumia, tunapoikata na kuilipia kwa kipande? Methali inamwonya mshika mbili kwamba moja humponyoka, na wakosoaji hawakukawia kuigeuza kanuni ya sanaa: mwimbaji na aimbe, mshonaji na ashone. Siku hizi upepo umegeuka. Twamsifu msanii wa fani nyingi, tukizihesabu fani zake kama mtu ahesabuye vyeti. Lawama ile na sifa hii zina kasoro moja. Zote mbili huanza na fani zilizokwisha kutenganishwa, kisha huuliza mtu mmoja anaweza kubeba ngapi.

Tumtazame mtu anayejulikana. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alizaliwa kijijini Mfagimaringo, Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20, na akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Magazeti ya nje yalimwita malkia wa taarab, na tuzo ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005 ilimtambua kama mwanamuziki. Kwa majirani zake alikuwa hivyo na zaidi ya hivyo. Alitengeneza hina na wanja. Alijua dawa za miti shamba. Alipiga ngoma ya unyago, na aliwafunda wasichana waliovunja ungo na mabibi harusi waliokuwa wakingoja siku yao. Majukwaa ya Ulaya na Japani yalimfikia akiwa mtu mzima sana, baada ya miaka mingi ya kazi hiyo iliyofanywa vyumbani na nyuani, mbele ya wanawake peke yao.

Mwandishi wa wasifu wa leo angemweka katika orodha: mapambo na mavazi, densi, muziki, sanaa ya jamii. Orodha hiyo si ya uongo, lakini lugha ya Kiswahili haikuihitaji. Neno ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu; anayesema kuna ngoma leo hakulazimika kueleza ni ipi kati ya hizo tatu. Neno somo ni funzo, na ni mwanamke anayelifundisha. Kungwi hatengani na kunga, yaani mambo ya siri na adabu yake. Katika msamiati huu mtu na kazi yake na hadhira yake hukaa nyumba moja. Anayeitwa kungwi hakujumlisha ujuzi wa hina na ujuzi wa ngoma na ujuzi wa nasaha mpaka hesabu ikatimia. Aliitwa kungwi kwa sababu familia ilimkabidhi binti, na vyote hivyo vikawa njia za kumhudumia binti huyo.

Kukabidhiwa ndiko kunakoziunganisha kazi hizi, na ndiko kunakohusu maadili. Angalia zinavyotendeka. Hina hupakwa katika ngozi ya mwingine, aliyeketi kimya kwa saa nyingi bila ya kuweza kutumia mikono yake, akilishwa na kunyweshwa. Kanga hufungwa katika kiuno cha mwingine. Mchezo wa unyago huonyeshwa kwa kiuno cha mwalimu ili ujifunzwe na kiuno cha mwanafunzi. Nasaha hutiwa katika sikio la mtu ambaye bado hajajua maisha atakayoyaingia. Katika kila tendo kuna mwili ulio wazi mbele ya mwenye ujuzi, na kuna uwezekano wa kuudhuru. Mchoraji wa turubai akikosea, turubai haiumii. Kungwi akikosea, kosa huishi ndani ya mtu.

Mapokeo yetu yana neno la hali hiyo: amana. Tuitofautishe na mali na zawadi. Mali ni yangu, naweza kuiuza. Zawadi nimepewa, na aliyenipa hawezi kunidai tena. Amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa kwangu: nakitunza, na sharti nikirejeshe. Katika unyago urejeshaji huo una jina lake. Mwali huwekwa ndani, kisha hutolewa. Kumtoa mwali ni kumrudisha hadharani akiwa mtu mwingine, mwenye vazi jingine, mwendo mwingine na haki nyingine. Vazi, mwendo na hadhi hubadilika siku moja, kwa mkono wa wanawake wale wale. Ukizitenganisha, utapata bado nguo nzuri, mchezo mzuri na hotuba nzuri, lakini hatapatikana mtu anayewajibika kumrejesha mwali. Nadhani ndiyo maana ya wale mabibi wanaposema kwamba harusi haikufanyika.

Muungano huu haukuwa wa ndani ya nyumba tu. Ulikuwa na historia ya kisiasa. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo nguo ilitangaza daraja ya mtu: merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na mafukara, na kujifunika kwa heshima kulikuwa haki ya waungwana. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya starehe na siasa za Zanzibar baada ya utumwa, uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi wanawake waliokombolewa na watoto wao walivyovaa kanga na buibui, wakaunda upya unyago wa mwambao kwa kuchanganya desturi za bara na za pwani, wakajitambulisha kuwa Wazanzibari. Mombasa nako, vyama vya lelemama kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo Margaret Strobel aliviandikia mwaka 1979, vilishindana kwa sare na kwa mchezo, na wanachama wake walifaana katika harusi na misiba. Mwanamke aliyechagua kitambaa cha sare ya chama alikuwa pia akiamua nani ni mwenzetu. Mshonaji, mchezaji na kiongozi wa jamii walikuwa mtu mmoja, kwa kuwa mtu aliyenyimwa utu hurudishiwa wote kwa pamoja: mwili wake, nguo yake na nafasi yake baina ya watu. Hakuna aliyewahi kukombolewa kwa kipande.

Sasa tukabili tatizo ambalo watu wa Unguja walilijadili muda mrefu. Ikiwa unyago ni amana, Bi Kidude alifanya nini alipoipeleka ngoma yake jukwaani, akaipiga mbele ya wanaume na watalii waliokata tiketi? Wapo waliosema ameuza kunga. Hoja yao ni nzito, wala haifai kujibiwa kwa kusema kwamba sanaa ni huru. Siri ya unyago ilikuwa ulinzi wa wasichana, kwa kuwa mambo ya mwili yalisemwa mahali ambapo hapakuwa na jicho la tamaa. Mtu hawezi kuwa amini wa chumbani kisha mwuzaji wa kile kile uwanjani.

Lakini tutazame kilichovuka mlango. Mapigo ya ngoma yalivuka, na nyimbo ambazo mafumbo yake huwafikia tu wenye kujua, na umbo la mwanamke mzee aliyesimama na ngoma ndefu baina ya miguu yake bila ya haya wala msamaha. Mwali hakuvuka. Hakuna binti aliyepandishwa jukwaani ili afundwe mbele ya watu. Mtazamaji alipewa sauti ya chumba, na chumba chenyewe kikabaki kimefungwa. Kwa vipimo vya amana tofauti hiyo ni kubwa. Ujuzi wa mapigo ulikuwa mali yake, ameuchuma kwa mikono yake tangu ujana, na alikuwa na haki ya kula kwao. Mwili wa mwanafunzi haukuwa mali yake, na huo hakuuza. Msanii wa jamii akitaka kujua lini amevuka mpaka, namna moja ya kujipima ni hii: achukuapo kitu kwenda nacho jukwaani, ni chake, au ni cha aliyemwamini?

Kipimo hicho kinatukata sisi pia. Kuna simu zinazorekodi shughuli za wanawake, na kuna watafiti, wengine wenye shahada kubwa kama za kwetu, walioandika maneno ya chumbani neno kwa neno kwa jina la sayansi. Bi Kidude alitoa kilicho chake na akakisimamia kwa jina lake na uso wake. Wengi wetu tumetoa cha wengine.

Upo upinzani wa pili, nao unatoka upande mwingine. Utasema: huu muungano unaousifu ni mamlaka makubwa mno kwa mtu mmoja. Kungwi anayempamba binti, anayemfundisha na anayemwambia mume anataka nini, anaweza kumfunda utumwa. Si kunga zote zilikuwa za heshima. Zipo zilizomfundisha mke kuvumilia asiyopaswa kuvumilia, na ipo mahali ambapo wasichana walifundwa mambo ya ndoa wakiwa wadogo mno, wakatolewa kwenda kwa mume badala ya kwenda shule. Saluni ya Dubai, utaongeza, ina leseni, ina mkaguzi, na ina bei iliyoandikwa ukutani. Bibi harusi akiudhika huondoka, akaenda mlango wa pili. Kungwi wa ukoo haondokewi.

Nakubali sehemu kubwa ya upinzani huu. Soko huwapa wanyonge kitu ambacho jamii mara nyingi huwanyima: uwezo wa kukataa. Lakini tuchunguze linakokomea. Mfano ni piko, ile rangi nyeusi inayopendwa siku hizi kwa kuwa hukolea haraka. Nyingi hutokana na rangi ya kutilia nywele, na kemikali yake huwaunguza baadhi ya watu, ikawaachia malengelenge na makovu juu ya ua lile lile lililochorwa. Sheria inaweza kuipiga marufuku chupa. Haiwezi kumfanya mchoraji amjue aliyeketi mbele yake: kwamba ana mimba, kwamba ngozi yake iliwahi kuumuka utotoni, kwamba analia na si kwa ajili ya hina. Anayelipwa kwa mkono na mguu ametimiza wajibu wake mkono na mguu vinapokwisha. Leseni huzuia madhara yanayojulikana, na amana humfanya mtu atafute yasiyojulikana bado. Tunahitaji vyote viwili. Aliyekabidhiwa amana anapaswa kuulizwa, na unyago usiokubali kuulizwa umeacha kuwa amana, umekuwa milki.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni ya unyago peke yake na kwamba wasanii wa kisasa hawahusiki. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu mwaka 1974, anaonyesha vinginevyo. Mwaka 1997 alishiriki Nairobi kuanzisha kundi la densi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akaihamishia kazi yake Kisangani, mji uliojeruhiwa na vita na ambao Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Katika onyesho lake la mwaka 2009, more more more… future, mavazi yalibuniwa na Lamine Kouyaté wa Xuly Bët, na gitaa likapigwa na Flamme Kapaya. Kila mmoja alikuwa na fani yake na kila mmoja aliandikwa jina. Lakini Kisangani, kazi ya Studios Kabako haikukoma kwenye densi; iliwafundisha vijana, na upande wa pili wa mto, katika eneo la Lubunga, ilishughulika na wakazi katika suala la maji safi. Bi Kidude alianzia katika jamii akafika jukwaani, naye Linyekula alianzia jukwaani akarudi katika jamii. Walikutana katika jambo moja: mwili unaocheza ndio huo huo unaokunywa maji, na anayedai kuufundisha wa kwanza hawezi kujifanya hamjui wa pili.

Limebaki deni la upande wa pili, kwa kuwa amana haimfungi anayepokea tu. Jamii iliyomkabidhi msanii wake mabinti zake inadaiwa nini naye? Miaka ya mwisho ya Bi Kidude ilizungukwa na mabishano ya hadharani juu ya nani amtunze na nani ananufaika na jina lake. Sitaki kuyaamua mabishano hayo. Naona tu kwamba yalizuka kwa sababu hapakuwa na kanuni. Mwimbaji ana mkataba wa sahani na ana hakimiliki, hata kama huibiwa. Mpaka hina hana. Kungwi hana. Sheria huilinda kazi inayoweza kushikwa na kutajwa mwandishi wake, lakini kazi ambayo hubaki ndani ya mtu, katika mwendo wake na namna anavyojistahi, haina pa kuandikwa jina. Hivyo sehemu iliyo kubwa zaidi ya maisha ya msanii wa namna hii ndiyo isiyolipwa kabisa, na sisi huita hali hiyo kujitolea.

Ghuba yenyewe inatoa ushahidi wa deni la namna hiyo. Ngoma ya liwa, inayochezwa harusini na katika sherehe za taifa Dubai na kwingineko katika Falme za Kiarabu, ilivuka bahari na watu wa Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Ina duara la wachezaji, ngoma na zumari, na ndani ya nyimbo zake yamebaki maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengi wa leo hawayaelewi. Ngoma imehifadhiwa, na ni vyema. Lakini nani aliyewashonea wale wa kwanza nguo za kuchezea, nani aliyewafundisha watoto hatua, nani aliyeamua kwamba watu walionyang'anywa kila kitu watakuwa na siku ya kucheza? Hakuna jina hata moja lililobaki. Urithi umepokewa kama zawadi, ilhali ulikuwa amana.

Kwa hiyo sidhani kwamba wajibu wetu ni kumtaka kila bibi harusi wa ughaibuni arudi chumbani kwa nyanya yake, wala kumtaka kila msanii ashike fani tatu. Mgawanyo wa kazi utaendelea, na mara nyingine ni rehema. Wajibu wetu ni mwembamba zaidi, na mgumu zaidi. Anayekodi vipande amtafute mtu mmoja, awe shangazi, awe somo, awe rafiki, atakayejibu swali ambalo hakuna kipande kinacholijibu: huyu aliyekabidhiwa kwetu tumemrejesha salama? Na tunaoandika juu ya wasanii, tukifika kwa mtu kama Fatuma binti Baraka, tuiache hesabu ya fani. Tuulize walikuwa wangapi waliompa miili yao na mabinti zao wakiwa hawana kinga, na waliondoka mikononi mwake wakiwa na nini. Wapo wanawake Unguja ambao wangali hai na wanalijua jibu hilo. Kabla ya kuwauliza, tujue kwanza kama sisi tumestahili kukabidhiwa.